Sinema Uliyoiacha Mlangoni

Baba,

Hitma yako tumeisoma, wageni wamerudi makwao, na Mama amehamia Bukoto kwa dada yake kwa sababu nyumba imekuwa kimya kupita kiasi. Mimi nimebaki Kisenyi na kibanda chako cha video. Maikrofoni uliyotafsiria sinema miaka yote bado imefungwa kile kitambaa cha kijani. Sijakifua. Kinanukia tangawizi, kinanukia wewe.

Watu wanaiulizia sinema ya mazimwi. Yule Mkenya muuza viatu wa soko la Owino hupita kila asubuhi: "Zaituni, hiyo ya mazimwi iko wapi? Mzee alituachia katikati." Namwambia bado. Mjomba Hakim anataka tumlete mtafsiri mwingine, afute sauti yako, aanze upya. Nimemkatalia, na tumenuniana mpaka leo.

Nakumbuka nilivyokuwa mdogo, nimejificha chini ya meza yako, macho nimefumba. Zimwi likatokea, wewe ukalipatia sauti ya shangazi Mariamu akilalamika kwamba chai haina sukari. Kibanda kizima kikacheka, hata mimi nikafumbua macho. Ulikuwa ukiniambia, "Kitu ikikutisha, wewe isemee tu. Itapungua."

Lakini sinema hii wanayoiulizia ilikushinda. Mazimwi yake yananusa woga wa watu, na wewe ukayafanya yapige chafya. Kilichokushinda ni watu wenyewe. Pale mwanamume anapojifungia ndani kwa woga, huku binti yake amebaki nje na mazimwi, ulizima mashine. Ukasema, "Hapa sina utani. Nitarekodi kesho." Kesho yake tulikuwa hospitali.

Na pale wodini ukanishika mkono ukasema, "Mimi naogopa, Zaitu." Sikuwahi kukusikia ukilisema neno hilo kukuhusu wewe mwenyewe. Mashine kando ya kitanda ilikuwa inalia, pii, pii. Nikaisemea, kwa sauti ya shangazi, kwamba imechoka na inataka kwenda nyumbani kupika. Ulicheka mpaka ukakohoa, kisha ukanisahihisha: "Umechelewa kuingia. Mtafsiri hasubiri." Hukuniambia kitu kingine tena. Nimeyalilia sana maneno hayo, Baba, na siku nyingine nayacheka peke yangu jikoni.

Nimejaribu kurekodi nusu iliyobaki. Kutafsiri najua, ulinifundisha. Lakini kila mara nakwama palepale sauti yako inapokatika, kwa sababu anayefuata kusema ni yule binti. Anagonga mlango, na maneno yake ni mepesi, mtoto yeyote angeyatafsiri: "Baba, nifungulie." Yakinifika kooni yanakuwa yangu, nami nazima mashine kama ulivyozima wewe.

Lala salama, Baba. Mola akutilie nuru huko uliko. Nakuahidi sauti yako haitafutwa, na nusu iliyobaki sitampa mtu mwingine. Ijumaa baada ya swala nitaketi kwenye kiti chako, nikusikilize mpaka unapoishia. Halafu nitagonga meza kama yule binti anavyogonga, niyaseme maneno yake, bila utani. Najua hutanifungulia. Nitaendelea kutafsiri hivyohivyo mpaka mwisho.

Binti yako,
Zaituni