Redio ya Gari la Akai

Lodwar, Jumanne, 1996

Yule fundi mshenzi angemchoma mjukuu wangu. Akai anapeleka wagonjwa Kakuma, gari likahitaji redio ya kuitana. Fundi akapitisha waya kwenye tundu la bati bila mpira wa kuukinga, mpaka betri. Akai akauliza fyuzi iko wapi, akachekwa.

Nikapapasa lile tundu. Kali kama kisu.

"Nyanya, wewe unajua waya?" fundi akanidharau.

"Najua kamba ya ngozi! Ikisugua penye makali inakatika. Hii ikichubuka italeta moto, mtoto wangu yumo ndani. Weka mpira, mbwa wewe!"

Nikakaa mbele ya gurudumu mpaka akaweka mpira, na fyuzi karibu na betri.

Akai ameninunia, eti nimemwaibisha. Anune. Kesho akienda Kakuma nitaogopa majambazi wa njiani tu.