Vifundo Vitatu vya Uzi wa Tumbaku

Cheyo, Tabora. Jumanne, 4 Juni. Asubuhi ya baridi na upepo mkavu.

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Babu yako amepona kikohozi na anagombana na kuku tena. Unauliza tulitambuaje uvimbe mbaya kabla ya hizo picha za MRI unazojifunza kuzisoma.

Wakati wa Ujamaa, kijijini karibu na Usoke, dada yangu Agnesi aliota uvimbe pajani. Mama alisema kisichouma si ugonjwa. Mimi kila mwisho wa mwezi nilizungusha paja lake kwa uzi wa kufungia tumbaku, nikapiga fundo pale ulipokutana.

"Fundi, gauni langu litakwisha lini?" alinitania.

Mganga wa zahanati naye alisema ni mafuta tu. Nikamwekea uzi mezani. Alivitazama vifundo vitatu, kila kimoja mbele ya kilichotangulia, maana paja lilizidi kunenepa, kisha akaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Wakautoa uvimbe, mguu ukabaki.

Kwa hiyo mwanangu, ukishika picha ya leo, ulizia na ya zamani. Kama haipo, muulize mgonjwa uvimbe umekuaje tangu ulipoanza.

Agnesi alikuja jana kwa miguu, bado ananiita Fundi. Kwa siku ile aliyorudi kutoka hospitali, daftari langu la zamani lina mstari mmoja: "Agnesi amelala saa mbili usiku. Mimi, kwa kumtazama, saa tisa."

Bibi yako