Zamu Yangu ya Stoo

Tororo, Februari 1964

Dada Nanjala,

Mimi mzima, vumbi la pamba tu ndilo linalonikohoza. Samaki uliotuma na Patroba wamefika, na mama mwenye nyumba amekula nusu bila haya.

Lakini roho inaniuma. Nyapara wetu kiwandani amemchukua Loy, yule msichana wa Lumino ninayekaa naye chumba kimoja, akampeleka stoo kushona magunia peke yake, na ufunguo anao nyapara mwenyewe. Anakaa kivulini na chai anapewa, sisi tunabeba pamba kichwani. Mimi nilitangulia kuja hapa! Loy ana nini ambacho mimi sina? Tena anajidai: haongei, chakula hali, nikimwuliza habari za stoo ananigeuzia mgongo. Nikamwambia, "Raha imekulevya." Akalia. Machozi ya shibe hayo!

Hata wewe nilikuonea wivu. Ulikuwa stoo hiyo hiyo, ukaiacha katikati ya msimu, ukarudi Busia bila hata blanketi lako, wala hukuniombea nafasi.

Sasa furahi nami. Leo nyapara amenitaja mbele ya wote: Jumatatu naingia stoo mimi. Nilikwenda mbio kumringia Loy. Hakukasirika. Alivua suruali ya kaka yake, ambayo huivaa ndani ya gauni, akanipa pamoja na kamba ya katani. "Ifunge kiunoni," akasema, "mafundo mawili."

Patroba anarudi huku Jumapili, mpe jibu. Dada, wewe ulipokuwa stoo, ulivaa nini?

Mdogo wako,
Felistus