Sukari Kwenye Pindo la Kanzu

Jumatatu, 28 Agosti

Nimeanguka mazoezini. Mbele ya kundi zima, vumbini, nikitetemeka. Mzee Priamo, kiongozi wetu wa mbio za peku za mtakatifu, kasema Jumamosi nisikimbie. "Bachisio, mwanangu, tunabeba sanamu ya mtakatifu. Hatuwezi kukubeba na wewe." Wenzangu wakacheka. Mimi sikucheka.

Kosa nalijua. Nilijidunga insulini ya sahani nzima ya tambi, kisha Bibi Assunta akapakua nusu. Eti ananionea huruma, ugonjwa wa sukari unaletwa na kula. Nami nilikuwa na haraka, nikaondoka hivyo hivyo. Dawa imejaa mwilini, chakula hakuna — sukari ya damuni ikaporomoka.

Jumanne, 29 Agosti

Mama kaungana nao. Peku? Kwenye mawe yote yale? Halafu mguu wa Babu. Kila mtu lazima ataje mguu wa Babu! Kisukari cha Babu kilimjia uzeeni, na kidonda alikificha mpaka kikaoza. Changu ni aina ya kwanza. Mwili wangu wenyewe uliua kiwanda chake cha insulini nikiwa mtoto. Sikufakamia pipi, sikulogwa. Hapa kisiwani Sardinia wenye aina hii tumejaa — darasani tu tulikuwa watatu.

Daktari kanipima nyayo. Zinahisi hata unywele. Kasema nisafishe kila mkwaruzo na nisiachane na sukari ya kutafuna, ya damuni ikishuka. Hakusema nikae nyumbani.

Ila sukari niiweke wapi? Kanzu ya mbio haina mfuko. Mbele ya mtakatifu huendi na kitu, wala viatu wala simu.

Nitakimbia. Nafasi ya Babu iko wazi tangu akatwe mguu, na ni yangu.

Alhamisi, 31 Agosti

Nimemweleza Bibi upya. Nimemwekea sahani na sindano mezani. Dawa hii ni ya chakula hiki, chote. Ukikipunguza, inanigeukia mimi.

"Kwa hiyo niliyekuangusha ni mimi?"

Ndiyo, Bibi. Akalia. Niliumia, lakini sikuyafuta maneno yangu.

Jioni akaitaka kanzu yangu. Akafumua pindo, akatia vipande vya sukari, akashona. Nikamwambia mtakatifu anaona mpaka ndani ya pindo. "Basi ataona pia kwamba si viatu."

Jumamosi, 2 Septemba, alfajiri

Mzee Priamo kaja kunizuia mlangoni. Kainama kutazama nyayo zangu, mkono ukagusa pindo. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"Nani kashona?"

"Mimi," Bibi kasema. "Ukitaka kufumua, anza na vidole vyangu."

Mzee akainuka. Kisha akavua kanzu yake, akampa. "Nitie na mimi sukari, dada. Nitakuwa nyuma yake."

Sasa Bibi anashona, miwani puani. Mzee kakaa na fulana, anatazama ukuta kwa aibu. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika.

Kihisi cha sukari mkononi kinasema tisini na tano, bado salama, ila mshale unatazama chini: inashuka. Natafuna kipande kimoja. Nje wameanza kuita majina. Kila mwaka wakifika kwenye jina la Babu, panakuwa kimya kidogo, kisha wanaendelea.

Wamelifikia. Nimeitikia dirishani, kwa sauti yangu yote.

Mshale bado unatazama chini. Natafuna cha pili, nafunga daftari.