Kimstari Kabla ya Namba

Jumamosi, 1 Machi

Naanza daftari hili leo na ninajiapia: nitaandika kila kitu, hata yanayonitia aibu. Hakuna atakayelisoma isipokuwa mimi.

Nimechota maji mara tatu. Nimeosha vyombo. Kisha mimi na Mama tumekwenda kuuza dhahabu kwa Bwana Shija. Mama huosha marudio, yaani mchanga ambao wenye maduara, mashimo ya dhahabu, wameshauosha wakautupa. Wiki nzima ya kuinama, na dhahabu yote inakaa juu ya ukucha. Nyumbani tuliipima kwa mizani yetu ya vifuniko viwili vya soda, upande mmoja dhahabu, upande wa pili njiti za kiberiti. Wanawake wote wa Segese hupima hivyo. Ilikuwa pointi nane, yaani sehemu nane za kumi za gramu.

Kwa Bwana Shija, saba.

Kila wiki pointi moja inapotea. Na kila wiki Mama ndiye anayeomba radhi! "Samahani, labda njiti zangu zimekauka zikawa nyepesi." Bwana Shija anacheka. "Mama Minza, achana na viberiti. Hii mashine imetoka ng'ambo." Ana mizani mpya ya umeme, ndani ya kisanduku cha kioo. Hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuigusa.

Jambo moja. Kabla dhahabu haijawekwa, mizani ilionyesha 0.1, na mbele yake kimstari kidogo. Nilimuuliza Mama. Akasema kila mtu anajua, Bwana Shija alishawaambia hiyo ni alama ya chaji.

Boksi la mizani lilikuwa limetupwa nje. Nimelichukua nifunikie madaftari.

Jumapili, 2 Machi

Baada ya misa. Ndani ya boksi kuna kijitabu cha Kiingereza. Nimekisoma kwa kamusi, ukurasa kwa ukurasa, mpaka Mama akauliza kama nimepata barua ya mchumba.

Ni historia ya kiwanda. Mwanzilishi alikuwa fundi saa. Alichukia kuona wakulima wa kijiji chao wakipunjwa nafaka sokoni, akatengeneza mizani yake ya kwanza ndani ya banda la mbuzi. Mizani iliyokosea hata kidogo hakuiuza wala hakuificha. Aliivunja kwa nyundo mbele ya mafundi wote. Wajukuu zake bado wanayo ile nyundo, imetundikwa ukutani.

Wana maadili matatu. Usahihi. Uwazi. Heshima kwa anayepimiwa. Nimeyanakili nyuma ya jalada.

Wanasema kila mizani hutoka kiwandani na jiwe dogo la shaba, gramu moja kamili, ili mtu yeyote aweze kuihoji mizani wakati wowote. Boksi lina kitundu cha jiwe hilo. Kitundu ni kitupu.

Nawapenda watu hawa. Sijui kama ni upumbavu kupenda kiwanda.

Alhamisi, 6 Machi

Nina hasira hadi mwandiko unapinda.

Leo Madam Kabula ametufundisha kosa la sifuri. Kipimo kisipoanzia sifuri, kila unachosoma baada ya hapo ni uongo, hata kama kifaa ni kizima. Nikakumbuka kimstari. Kimstari ni HASI. Tulisoma namba hasi tangu shule ya msingi na bado nikakubali kwamba ni chaji. Aibu yangu.

Baada ya kipindi nilimweleza Madam anavyofanya Bwana Shija. Anakata kipande cha karatasi, anakiweka kwenye mizani, anabonyeza sifuri. Halafu anakiinua, anamwaga dhahabu ya muuzaji juu yake, anapuliza majivu, anaitazama kwenye taa. Mwisho anaimwaga dhahabu kwenye sahani ya mizani na karatasi inabaki mezani. Madam alikata karatasi ya ukubwa huo akaiweka kwenye mizani ya maabara.

Pointi moja.

Mama amekuwa akiuza dhahabu, naye Bwana Shija anamkata uzito wa karatasi. Kila Jumamosi. Yeye na mwenzake Mama Ngolo na wanawake wote wanaosubiri zamu kwenye benchi la Bwana Shija. Na wanaomba radhi kwa njiti zao!

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya.

Mama alikuwa ameniambia nisifungue mdomo, kwa sababu Bwana Shija ndiye pekee hapa anayenunua dhahabu ndogo kama yetu. Niliahidi. Nikavunja ahadi. Karatasi ilipoinuliwa, kimstari kikatokea, nikamwamkia tena kwa heshima ingawa nilishamwamkia mlangoni, nikamwomba atoe jiwe la shaba.

"Jiwe gani?"

"Lililokuja na mizani. Gramu moja."

Benchi zima likacheka. Mama Ngolo akasema, "Haya, profesa ameingia!" Mama alinifinya mkono. Bwana Shija naye alikuwa anacheka, na nadhani ndiyo maana alifungua droo, anikomeshe mbele ya watu. Akaliweka jiwe.

0.9.

Hakuna aliyecheka. Nikasema, sasa liondoe, usiweke karatasi, bonyeza sifuri, liweke tena. Alibonyeza. Ikasoma 1.0. Hapakuwa na kimstari.

Mama Ngolo akauliza polepole, "Kwa hiyo njiti zangu hazina kosa?"

Bwana Shija alipandisha sauti. Alisema tangu mizani ya zamani anaweka karatasi, ndivyo alivyofundishwa. Hapo karibu nimwamini, maana mizani ya zamani ilikuwa na sahani mbili na aliweka karatasi pande zote. Kisha akaharibu: "Mashine yenyewe mbovu! Hicho kiwanda ni matapeli!" Nilikasirika kuliko mwanzo. Mizani ilisema ukweli wakati wote. Iliandika hasi, wazi, mbele ya kila mtu. Yeye ndiye aliyetuambia ni chaji.

Alipima ya Mama bila karatasi. Pointi nane. Akalipa. Halafu: "Mama Minza, wiki ijayo tafuta pengine."

Jumapili, 9 Machi

Mama hasemi nami. Ugali wangu uliwekwa mezani bila neno.

Jumatano, 12 Machi

Bado. Jana jioni alisema jambo moja tu: "Umesema kweli, lakini tutauza wapi?" Kutoka hapa hadi kwa mnunuzi mwingine nauli ni kubwa kuliko dhahabu yenyewe. Nachukia kwamba kuwa sahihi hakutoshi. Kile kijitabu hakisemi lolote kuhusu hilo.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua tangu alfajiri. Mama Ngolo alipita kwetu, kanga kichwani, akasema twende. Mama akasita. Mwishowe tulikwenda, wanawake tisa pamoja. Hawakufanya fujo. Walikaa kwenye benchi, na kila aliyefikiwa zamu alisema, "Jiwe kwanza." Mama alikuwa wa mwisho. Bwana Shija alimtazama, akawatazama wale wanane ambao hawakuondoka. Akaliweka jiwe. 1.0. Akampimia.

Njiani Mama alinishika mkono, ingawa mimi ni mkubwa. "Wabeja, mwanangu," akasema kwa Kisukuma. Asante. Basi.

Lakini jiwe limerudi kwenye droo, na ufunguo uko mfukoni mwake. Wiki ijayo akikataa, tutafanya nini?

Anwani ya kiwanda iko nyuma ya kijitabu. Barua nimeiandika kwa Kiingereza, Madam ameisahihisha, Jumatatu ataipeleka posta. Sikuwalaumu. Niliwaambia mizani yao ni nzima, na kuna binti Segese aliyefurahi kusikia habari za ile nyundo. Mwisho wake nimeunakili hapa kwa Kiswahili, nisisahau nilichouliza:

Mlisema jiwe ni la kuihoji mizani. Naomba mnijibu mara tu barua hii ikiwafikia: mlikusudia likae mkononi mwa nani, mwenye mizani au anayepimiwa?