Chatu wa Damiano Asipate Baridi

Jumatatu, 7 Julai
Saa moja asubuhi. Upande wa taa nyuzi 32. Upande wa maji 26. Nimeandika kwenye daftari la mume wangu Damiano, nimefunga kizimba, nikajaribu kitasa mara mbili.

Siku ya tatu peke yangu na huyu nyoka. Chatu, mita tatu na kitu. Damiano anamwita Shangazi, na wageni wanaopita kwenda kreta hucheka wakielezwa maana yake. Mimi sicheki. Miaka sita yuko kwenye chumba cha nyuma, sijawahi kumgusa. Akisogea tu, narudi mlangoni.

Mume wangu yuko hospitali, Moshi. Uvimbe tumboni. Wanampasua Ijumaa. Kabla hajaondoka alinionyesha vipimajoto mara nne. Isishuke chini ya 25, isipande juu ya 34. Nyoka hana joto lake, alisema, anategemea hilo tunalompa.

Namwogopa nyoka. Naiogopa Ijumaa zaidi.

Jumanne, 8 Julai
Ukungu mpaka saa tano. Baridi ya kuuma vidole. Umeme ulikatika saa mbili asubuhi.

26. 24. Saa sita, 22.

Nimechemsha maji, nikajaza madumu mawili, nikayafunga vitenge. Kuyaingiza sasa. Nilisimama mbele ya kioo nikasali Salamu Maria tatu. Nikafungua upana wa dumu tu, nikasukuma kwa mpini wa fagio. Mpini ukamgusa. Hakutikisika. Hilo ndilo lililonitisha.

Jirani yangu Mama Safari alitaka tuweke jiko la mkaa, kama anavyofanya kwa vifaranga wake. Damiano alikataza moshi. Nimekataa. Nimebadilisha maji kila saa. Jioni 24, umeme bado.

Jumatano, 9 Julai
Umeme umerudi kwa kishindo. Taa ya joto imepasuka. Na kile kifaa kinachoizima joto likizidi kimeungua, kinanuka. Karatu mjini hakuna. Arusha labda, wiki ijayo.

Mama Safari kanipa taa moja ya vifaranga. Nyekundu, kubwa. Nimeifunga juu ya wavu wa kizimba. Haijizimi, lazima niizime mwenyewe.

Damiano kapiga simu. "Shangazi yupoje?" Nikasema yuko salama. Nimemdanganya mgonjwa. Sauti yake imekuwa ndogo.

Alhamisi, 10 Julai
Shangazi anapumua kwa sauti, kama mtu mwenye mafua. Mdomo wazi kidogo, povu pembeni.

Nimempigia daktari wa mifugo, dada mmoja kijana anayekaa Ganako. Amekuja na pikipiki. Alikiri kuwa kazi yake ni ng'ombe, chatu amemsoma tu darasani. Akampigia mwalimu wake, wakaongea sana. Ni mapafu. Nyoka alikuwa amelegea hata akamchoma sindano bila msaada. Mimi nilikuwa nje, nimeangalia ukuta.

"Mama, dawa haifanyi kazi kwenye baridi," aliniambia akifunga begi. "Akipoa tena, tutampoteza."

Ni mimi niliyemwacha apoe.

Ijumaa, 11 Julai


Asubuhi ilikuwa 28. Nikashusha taa karibu zaidi na wavu. Saa tatu shemeji Yohani, aliyeko na Damiano, akanipigia kuwa ameingizwa chumba cha upasuaji. Nikatoka kwenda kwenye migomba, ndiko mtandao unakoshika vizuri. Nikasubiri. Nikasahau kila kitu duniani.

Nilipokumbuka nilikimbia. 43.

Shangazi amejibana kwenye kona ya mbali, mdomo umeachama, anagonga kioo kwa kichwa. Nikazima taa. Nikafungua. Hewa iliyotoka ilikuwa ya tanuri, na kioo chenyewe kinaunguza. Kuzima hakutoshi. Alitakiwa kutoka, na hakukuwa na mtu mwingine.

Nilimshika. Mkono mmoja nyuma ya kichwa, mwingine katikati, kama Damiano anavyofanya. Nilipiga kelele na sikumwachia. Mzito. Mkavu, si wa utelezi kama nilivyodhani siku zote. Akauzungushia mkia mkono wangu, akakaza. Nikakaa naye chini kwenye sakafu ya korido, penye ubaridi.

Simu ikaanza kuita mfukoni.

Sikuwa na mkono wa kuipokea. Ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Nilijua ni Yohani. Nilijua habari iko humo, ya aina moja au nyingine, na mimi nimefungwa na nyoka. Nililia kwa sauti. Nikamwambia Shangazi aniachie. Nilimwomba kama mtu.

Sijui ni muda gani. Alilegea mwenyewe, nikamshusha kwenye beseni la kufulia lenye maji kidogo. Nikapiga.

"Ametoka, shemeji," Yohani alisema. "Yu hai. Mbona hukupokea?"



Jumapili, 13 Julai
Sikwenda misa. Nakaa na taa. Naiwasha, naizima. 31. 33. 31. Shangazi ana kidonda cha moto mgongoni, upana wa kiganja. Daktari kaleta dawa ya kupaka. Amepaka yeye. Kuanzia Jumatano napaka mimi, kasema.

Jumatano, 16 Julai
Nimepaka. Nilifumba macho nusu.

Kifaa kipya kimefika na basi la Arusha. Fundi amekifunga. Nimekaa hapo hapo saa nzima kuona kama kweli kinazima. Kinazima. Sikiamini.

Jumamosi, 19 Julai
Shangazi hapumui tena kwa sauti.

Nimemwambia Damiano yote kwenye simu. Baridi, uongo, moto. Alinyamaza sana. Nikadhani ameudhika. Kumbe alikuwa anasubiri maumivu ya mshono yapite ili aongee. "Ulimshika wewe?" Ndiyo. "Kwa mikono?" Ndiyo. 

Jumatatu, 28 Julai
Damiano yupo nyumbani. Amekonda, suruali imefungwa kwa kamba. Haruhusiwi kuinua kitu kwa miezi mitatu.

Alitaka kumwona Shangazi kabla hata ya chai. Tukasimama mbele ya kioo. Akaliangalia lile kovu muda mrefu.  Alisema tu kwamba halitafutika.

Najua, nikamwambia.

Aliegemea bega langu. Nilimshika mkono, ulikuwa wa baridi kabisa. Nikamwambia twende jikoni, moto unawaka.