Pale Skola Alipocheka

Makanyagio, Mpanda
11 Februari 2024

Binamu Gaudensi,

Habari za Dar na joto lake? Nyie wa huko bado mnajifuta jasho au mmeshazoea? Huku hatujambo. Mvua ni za kutosha, wa Majimoto wanasema mpunga umekubali, na mimi nakula uji tu kama mtoto, ila nakula.

Kwanza simu yako. Ulipopiga Jumamosi, binti yangu Dina alinishikia sikioni na nikakusikia vizuri kabisa, pamoja na matusi yote uliyomwaga ukidhani nimekununia. Sikununa. Sina sauti, binamu. Miaka minne iliyopita walinipasua koo kwa ajili ya uvimbe, wakaondoa sanduku zima la sauti, sasa napumulia tundu hapa shingoni. Nikifungua mdomo hakitoki kitu. Meseji nazo siziwezi, herufi za simu ni ndogo kama chawa. Kwa hiyo utanisoma kwenye karatasi, kama enzi zile ulipokuwa JKT.

Ila nilicheka uliposema, "Jibu, Opta, we mzimu!" Hapo hukukosea sana.

Unasema huko Sinza umepata wazee wenzetu wanaokutana Jumapili mchana kusikiliza hevi metali na kuangalia picha za kutisha za zamani, na unataka kaseti ya banda letu la kideo uwaonjeshe. Ninayo. Ni moja tu, ya sauti, tuliyorekodi kwa redio bandani, nyingine zililiwa na mchwa. Inaanza na ile roki ya yule Mjerumani wa nywele ndefu aliyekuja misheni ya Karema kutengeneza boti akatuachia katoni nzima ya kaseti. Unakumbuka magitaa yalivyokuwa yanaunguruma mpaka mabati yanatetemeka, na padri anatusema kanisani? Halafu inafuata picha ya maiti aliyefukuliwa, na mimi natafsiri, nawasemea wote: maiti, polisi, mchungaji, hadi mbwa.

Lakini sikiliza. Pale maiti anapofungua jeneza, nilimwona Skolastika mlangoni na ungo wake wa karanga. Nikamfanya maiti aseme, "Skola, njoo nikuoe, huku kaburini kuna nafasi ya wawili!" Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, na yeye akawapita wote. Mwaka ule ule nikamwoa kweli. Kicheko chake kimo kwenye kaseti ile. Tangu tumzike, sina kingine.

Na mjukuu wangu Upendo, mtoto wa Dina, hajawahi kunisikia. Anadhani mababu wote hawaongei. Tutambatiza sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, mwezi wa nane, na siku hiyo nataka asikie mimi na bibi yake. Kwa hiyo nakuazima tu. Irudi kabla ya siku hiyo.

Kaseti nampa kondakta wa basi. Usiniangushe.

Mtani wako,
Optatus

Sinza, Dar es Salaam
24 Machi 2024

Bubu wangu mpendwa,

U hali gani, na tundu lako halijambo? Mimi mzima, presha tu na tumbo. Dina na mtoto wasalimie.

Nimesoma barua yako nikacheka mpaka mke wangu akaja kuangalia. Yaani maisha yako yote umewasemea maiti, leo maiti ndiye amekuchukulia sauti yake! Na hilo tundu, si kama yule zimwi wa ile picha ya ziwani? Ungekuja huku tukuweke jukwaani bila kukupaka rangi.

Usinune. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi, tumezaliwa watani.

Kaseti imefika. Jumapili tuliipiga pale baa. Ungewaona: wanaume wa miaka hamsini, fulana nyeusi zimebana vitambi, ndevu zimepakwa piko, wanatikisa vichwa huku wameshika viuno. Mmoja ni mhasibu, mwingine ana duka la madirisha. Maiti alipoanza kusema Kiswahili chako, wakanyamaza. Wengine walilia, Opta. Wanasema hawajasikia kitu kama hicho tangu ujana.

Wakaniuliza, nani huyo? Nikawaambia ni mimi.

Ungefanya nini wewe?

Mtani wako,
Gaudensi

Makanyagio, Mpanda
14 Aprili 2024

Binamu mwizi,

Pasaka iliendaje? Sisi tulimshukuru Mungu. Kifua kinasumbua kidogo, si sana.

Kwa hiyo sauti ni yako! Wewe uliyekuwa ukiulizwa jina darasani unajikojolea! Nimempa Dina aisome barua yako kwa sauti mbele ya majirani, watu wakashika mbavu. Nikawaandikia, huyu ndiye mtani, wengine ni wapita njia. Siku tuliyomzika kaka yangu Josephat ulivaa koti lake, ukatembea ukichechemea kama yeye na kudai pombe kwa sauti yake, mpaka mama akacheka huku machozi yanamtoka. Hakuna aliyeweza kukukasirikia. Nami ndivyo hivyo hivyo, hata ningetaka sina haki ya kununa.

Waambie hao wazee wako kwamba sauti ni yako, kula hiyo sifa, ushibe. Mimi nataka kaseti tu. Yule fundi redio wa Katumba, Apollinarie, ameshaniahidi redio kaseti nzima inayovuta vizuri. Upendo kila siku anauliza kwa vidole, maana amejifunza kuongea na mimi kwa vidole, lini bibi atacheka.

Mtani wako,
Optatus

Sinza, Dar es Salaam
20 Julai 2024

Mtani,

Salaam za kiangazi. Samahani kukaa kimya, ingawa wewe kukaa kimya ndiyo kazi yako. Afya njema, nashukuru.

Mambo yamekuwa makubwa. Sasa Jumapili watu wanakaa hadi nje. Kuna bango barabarani lina picha yangu, nimevaa jaketi jeusi la ngozi, na chini yake wameandika "Sauti ya Kaburini". Fundi wa studio ameiingiza kaseti kwenye kompyuta akaisafisha. Kile kicheko cha mwanamke amekitoa. Kilikuwa kinaharibu. Mtu anatakiwa aogope pale, halafu anasikia muuza karanga anacheka.

Kaseti yako inakuja na basi, usihangaike. Nimeinogesha kidogo. Mbatize mtoto kwa amani.

Mtani wako,
Gaudensi

Makanyagio, Mpanda
18 Agosti 2024

Binamu,

Natumaini nyote hamjambo. Sisi tumebatiza. Uvimbe umerudi, upande wa kushoto, nitakwenda kuonyesha wiki hii.

Kaseti ilifika siku moja kabla. Nililala nayo chini ya mto. Baada ya misa watu walijaa uani: wanakwaya, majirani, na Maduhu yule mfuga ng'ombe aliyekuwa anakaa benchi la mbele kila Jumamosi, amekuja na pikipiki toka Majimoto kwa ajili hiyo tu. Nilivaa koti langu jeusi la enzi za banda. Upendo alikaa miguuni kwangu na sahani ya pilau. Apollinarie akabonyeza.

Roki ilikuwa ile ile. Maduhu akaanza kutikisa kichwa, mzee yule, watoto wakamwiga. Halafu maiti akaongea, na alikuwa wewe.

Ni wewe, Gaudensi. Umejirekodi ukijifunza kuniigiza. Unakosea, unarudia, unakohoa, unaanza upya. Na jeneza lilipofunguka, ukasema maneno yangu kwa Skola, kisha ukacheka wewe mwenyewe, kicheko chembamba cha kike.

Uani wakageuka kunitazama. Kisha Maduhu akasema, "Huyu jamaa kiboko! Kamwibia mwenzie mpaka na mke!" Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka kwa mabega. Umenipata. Nimekubali, sijawahi kupigwa utani mkubwa kama huu tangu nizaliwe. Nimewaandikia kwamba kaseti yenyewe inafuata, hii ilikuwa ya kututia pilipili.

Sasa imetosha, binamu. Tuma ile ya kweli. Mimi nimevumilia, lakini muda nilio nao sijui ni mrefu kiasi gani. Niambie imo kwenye sanduku lako na ulikuwa unanichezea tu.

Mtani wako,
Optatus

Sinza, Dar es Salaam
6 Oktoba 2024

Optatus,

Pole na uvimbe. Mimi sijambo.

Ya kweli haipo. Ndiyo hiyo hiyo uliyonayo. Nilirekodia juu yake. Kaseti tupu huku hazipatikani, na nilihitaji kujifunza, maana wale wazee walitaka niwasemee mbele yao bila mashine. Kwenye kompyuta umo, bila kicheko, ila pale sauti yako ina jina langu na sitaitoa. Ikifika Mpanda kesho watu watasema sauti ni ya nani, na mimi nina bango barabarani.

Kila nikikwambia ukweli unacheka. Machi nilikwambia, ukacheka. Julai nikakwambia, ukacheka. Ningefanyaje?

Nisikilize basi mara moja bila kucheka. Jenereta nilibeba nani? Mimi. Deki ya kideo ilipogoma nani aliingiza mkono kwenye umeme? Mimi. Nilikaa nyuma ya shuka na moshi wa mafuta ya taa machoni, na nyie mbele mnapigiwa makofi. Karanga za Skola nilikuwa nanunua kila Jumamosi, na kila Jumamosi ananipa huku anatazama uliko wewe. Nilishaongea na mama amtume mshenga kwao. Kisha ukamposa mbele ya watu wote kwa mdomo wa maiti, na akacheka. Unaniambia kicheko kile ni chako peke yako. Mimi nilikisikia kabla yako, siku ile nilikuwa karibu na mlango. Nilipokifuta nilijisikia nafuu. Sijutii hata leo.

Msiba wake sikuja kwa sababu hiyo. Wako nitakuja. Ni haki yangu kama mtani, hakuna wa kunizuia. Nitavaa koti lako, nitasimama, nitakusema kuliko ulivyojisema mwenyewe, na Mpanda nzima itanipigia makofi.

Gaudensi

Makanyagio, Mpanda
1 Desemba 2024

Mtani wangu,

Habari za siku nyingi? Nakuandikia nikiwa kitandani, mwandiko utauvumilia. Hospitali wamenirudisha nyumbani. Hawakusema kwa nini, na mimi siwezi kuuliza.

Barua yako sikumpa Dina aisome kwa sauti. Niliisoma mwenyewe, nikaichoma kwenye jiko la mkaa. Ningejua habari za mshenga nisingesema maneno yale siku ile. Hapana, huo ni uongo. Ningeyasema hivyo hivyo. Alikuwa mzuri sana pale mlangoni, na wewe ulikuwa umekawia.

Lakini kukifuta! Ungeniua mimi ukakiacha. Nakuchukia, Gaudensi. Nimelitafuta neno jingine na halipo.

Kuna jambo sikukuandikia mwezi wa nane, kwa sababu bado nilikuwa nadhani unatania na sikutaka kukupa sifa. Kaseti ilipokuwa inapiga, Upendo alinyanyua macho kwenye pilau akamuuliza mama yake, "Nani huyo?" Dina alishajua kwamba si mimi, lakini wageni walikuwa wanatazama, akamwambia, "Ni babu huyo anaongea."

Mtoto akaitazama redio. Akanitazama mimi. Akasema, "Babu haongei," akarudi kwenye pilau yake.

Hata ungeituma ile yenyewe, angesema hivyo hivyo. Nimeliwaza jambo hilo miezi hii yote na nimeona ni kweli. Sauti ile nilikuwa namtunzia yeye, na yeye haimhusu. Kwa hiyo baki nayo. Wasemee wahasibu wako mpaka ikukauke kooni.

Na msibani uje. Nimemwambia Dina asikuzuie, na Maduhu na wengine wa mabenchi ya mbele wataitwa. Koti nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba changu, limefuliwa. Utalivaa, utasimama karibu na jeneza, na watu watakaa kimya wakusikilize. Ila unaijua kazi ya mtani kuliko mimi: anamwigiza marehemu alivyokuwa, si alivyokuwa zamani. Kaka Josephat ulimwigiza anachechemea, ingawa ujana wake alikuwa winga wa timu ya shule.

Upendo atakaa mbele, nimeshamwelekeza Dina. Ananijua mimi mmoja tu. Simama pale mbele yake, mtani, uniigize. Funga mdomo wako, na usiufungue mpaka watakapomaliza kunifukia.

Mtani wako,
Optatus